Eksirei na leza katika chumba kimoja: muuguzi mjamzito ajikinge vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kwa miezi minne sasa nimepangwa upande wa figo na njia ya mkojo. Tunapovunja mawe ya figo, daktari hutumia mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la herufi C ili aone alipofika, na hapo hapo hutumia leza kuyapasua mawe. Juzi nimepima na kukuta nina ujauzito wa wiki saba. Wenzangu kila mmoja ana lake. Mmoja anasema nihame leo hii. Mwingine anasema nikivaa aproni ya risasi nimekingwa na vyote viwili. Daktari mmoja ananiambia miwani ya leza si lazima, mradi nisiitazame ile ncha. Aproni huvaa siku zote, miwani mara chache. Je, mtoto wangu ameshadhurika? Nihame au niendelee?

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa ujauzito huo. Nianze na lile linalokunyima usingizi, mengine yatafuata. Kwa kazi uliyoieleza, tena ukiwa na aproni siku zote, sioni sababu ya kuamini kwamba mtoto wako amedhurika. Sikwambii hivyo kukutuliza tu. Nitakuonyesha hesabu yake uikague mwenyewe, kisha nitakuomba ukatafute namba yako halisi kwenye beji yako ya mionzi, maana hiyo ina uzito kuliko hesabu yangu yoyote.

Wenzako wamekusudia mema. Shida ni kwamba chumba chako kina hatari mbili zisizofanana, na kila mmoja wao amechukua kanuni ya hatari moja akaibandika kwenye nyingine. Eksirei hupenya mwili, huisikii wala huioni, na ubaya wake hujumlishwa kidogo kidogo kwa miaka. Leza haifiki tumboni kabisa, lakini inaweza kuchoma jicho kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope, na jicho hilo lisirudi tena lilivyokuwa. Ukirudi nyuma hatua mbili, eksirei imepungua sana. Mwale wa leza unaweza kukufuata hadi mlangoni ukiwa na nguvu ile ile. Aproni inazuia eksirei, na macho yako yako juu ya aproni. Ukishazitenganisha hizi mbili kichwani, sehemu kubwa ya maswali yako imejibika.

Tuanze na eksirei. Ile mashine haina mionzi iliyohifadhiwa ndani yake. Ina bomba linalotoa eksirei pale tu umeme unapopita, yaani pale mguu wa daktari unapokanyaga pedeli. Mguu ukiinuka, eksirei imekwisha, kama taa iliyozimwa. Hakuna kinachobaki kwenye kuta, kwenye shuka wala kwenye mwili wa mgonjwa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekutana na wauguzi wajawazito walioogopa kumgusa mgonjwa aliyetoka kupigwa picha, na wengine waliokataa kuingia chumbani hata mashine ikiwa imechomolewa umeme. Hofu ya namna hiyo humchosha mtu bila kumkinga, na akishachoka nayo, siku ya hatari ya kweli hana tena nguvu ya kuwa makini.

Pedeli inapokanyagwa, mionzi inayokufikia wewe haitoki kwenye bomba moja kwa moja. Inatoka kwa mgonjwa. Eksirei zinamwingia, nyingi zinamezwa na mwili wake, chache zinapita hadi kwenye kipokezi cha picha, na nyingine zinagonga na kutawanyika kila upande. Kwa hiyo mgonjwa aliye mezani ndiye taa yako. Kwa makadirio tunayofundishia, ukiwa mita 1 kutoka kwake, mionzi iliyotawanyika ni kama sehemu 1 kwa 1,000 ya ile inayompiga kwenye ngozi. Ukisogea hadi mita 2 inakuwa robo ya hiyo, na ukiwa mita 3 inakuwa sehemu moja ya tisa, kwa sababu mionzi inatanda kwenye eneo linalokua kwa mraba wa umbali. Hatua moja ya nyuma haigharimu kitu, na hakuna kifaa kitakachokupa faida ya namna hiyo kwa urahisi huo.

Sasa ile hesabu. Tuseme ngozi ya mgonjwa mmoja, kwa operesheni nzima, imepokea miligrei 20, miligrei ikiwa kipimo cha mionzi inayomezwa na mwili. Namba hiyo nimeichagua ili tupate pa kuanzia. Ya chumba chako utaikuta kwenye skrini ya mashine baada ya operesheni. Mita 1 kutoka kwa mgonjwa utakuta miligrei 0.02. Mita 2, miligrei 0.005. Aproni yenye unene wa nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika, kwa hiyo nyuma yake inabaki kama 0.0005, na kwa eksirei unaweza kuichukulia miligrei kuwa sawa na milisiverti, kipimo cha madhara yanayoweza kuletwa na mionzi hiyo mwilini. Kila binadamu hupokea kutoka ardhini, angani na kwenye mwili wake mwenyewe wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Ukiigawa kwa saa, ile 0.0005 ni kama mionzi ya asili ya saa mbili.

Ukifanya operesheni 20 kwa wiki, kwa wiki saba umefikia milisiverti 0.07 juu ya ngozi ya tumbo lako, na kwa mtoto inapungua zaidi kwa sababu misuli na maji ya uzazi humeza sehemu nyingine. Na kama ulikuwa unasimama mita 1 badala ya 2, zidisha mara nne: 0.28. Weka namba hizo kando ya miligrei 100. Kiwango hicho ndicho Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, inakitaja inapozungumzia kasoro za maumbile au madhara ya akili kwa mtoto aliye tumboni, na tume hiyo hiyo inasema kwamba dozi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto si sababu ya kutoa mimba. Wewe uko mara mamia chini yake. Hilo nalitaja wazi kwa sababu najua wanawake walioshauriwa vibaya kuhusu jambo hili, na wengine walitenda kabla ya kuuliza.

Mbona basi tunahangaika na dozi ndogo namna hiyo? Kwa sababu kuhusu saratani, kanuni ya kazi yetu ni kuchukulia kwamba hakuna dozi isiyo na athari kabisa, na kwamba uwezekano huongezeka kadiri dozi inavyojumlishwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu wa kwanza kutufundisha hilo kwa mwili wake alikuwa Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, ambaye miaka michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895 alikuwa akijaribia mashine kwa mikono yake siku baada ya siku. Vidonda havikupona, akakatwa mikono, akafa mwaka 1904. Hakuna siku hata moja ambayo angeweza kuionyesha kwa kidole kwamba hii ndiyo iliyonidhuru.

Kwa hiyo kuna mipaka, na wewe una mpaka wako wa pekee. ICRP inapendekeza mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, ukipigwa hesabu ya miaka mitano, na asifikie zaidi ya 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwananchi wa kawaida ni 1 kwa mwaka. Mfanyakazi akishatangaza ujauzito, mtoto aliye tumboni anatendewa kama mwananchi wa kawaida: kwa muda wote uliobaki hadi kujifungua, dozi ya ziada isizidi kama milisiverti 1. Neno la kushika hapo ni "akishatangaza". Mpaka huo unaanza siku utakapomwandikia mkuu wako na afisa wa usalama wa mionzi, hauanzi siku uliyopima. Andika kesho. Kwa hesabu ya wiki, unaelekea kipindi ambacho ubongo wa mtoto unakua kwa kasi, wiki ya 8 hadi ya 15 tangu mimba itungwe, na hicho ndicho kipindi ambacho ubongo huathirika zaidi na dozi kubwa. Hutaifikia dozi kubwa, lakini sioni kwa nini barua ichelewe.

Ukishatangaza, uombe beji ya pili. Ya kwanza unayo kifuani. Ya pili inavaliwa usawa wa tumbo, chini ya aproni, na isomwe kila mwezi, isingoje miezi mitatu. Ikivaliwa juu ya aproni itaonyesha namba kubwa itakayokutisha bure. Ikibaki kwenye kabati itaonyesha sifuri itakayokudanganya. Niliwahi kukagua kumbukumbu za kitengo kimoja nikakuta daktari mwenye operesheni nyingi kuliko wote ana sifuri mwaka mzima, na tulipofungua droo yake tukazikuta beji zote nne zimelala humo, mpya kabisa. Tulikuwa tumepoteza mwaka mzima wa habari kuhusu mwili wake, na hakuna njia ya kuupata tena.

Kuhusu aproni yenyewe, nina mawili ya kukuomba. La kwanza, uvae ile inayozunguka mwili mzima. Daktari husimama akimtazama mgonjwa, lakini wewe unageuka: unafuata kabati, unaandika, unafungua mlango. Aproni ya mbele tu inakuacha mgongo wazi kila unapogeuka, na tumbo lina pande mbili. Nyingi za kuzunguka zina robo milimita, na zikipishana mbele zinakuwa nusu milimita, pale hasa unapohitaji. La pili, uulize ilikaguliwa lini. Aproni ni mpira uliochanganywa na unga wa risasi, na ukiikunja inapasuka kwa ndani bila kitambaa cha juu kuonyesha lolote. Wakati fulani nilichukua aproni iliyokuwa imekunjwa mara mbili juu ya reli ya toroli, nzuri tu kwa nje, nikaitandaza mezani na kuipitisha chini ya mashine. Kwenye skrini ulitokea ufa mrefu usawa wa kiuno, umenyooka kama mstari wa rula, na ufa mwingine mfupi ukiukata. Muuguzi aliyekuwa akiivaa alikuwa amesimama karibu nami. Alinyoosha kidole, akagusa kiuno chake, hakusema neno. Aproni hutundikwa kwenye hanga, na hukaguliwa kwa eksirei angalau mara moja kwa mwaka.

Zaidi ya hapo, uangalie mahali unaposimama. Mionzi hutawanyika kwa wingi zaidi upande ule eksirei zinapomwingilia mgonjwa. Ndiyo maana bomba linawekwa chini ya meza na kipokezi juu, kikisogezwa karibu kabisa na mwili. Hivyo sehemu kubwa ya mtawanyiko inakwenda sakafuni. Mkono wa mashine ukilazwa ubavu, nenda upande wa kipokezi, usikae upande wa bomba. Unayo haki ya kumwambia radiografa atangaze kabla ya kupiga ili upate muda wa kurudi nyuma, na unaweza kumkumbusha daktari kwa adabu abane mwale, atumie mionzi ya mapigo badala ya mfululizo, na aitazame picha ya mwisho iliyoganda kwenye skrini badala ya kuendelea kukanyaga. Mashine nyingi hulia kengele kila zinapotimiza dakika 5 za mionzi. Katika vyumba vingi mtu huizima bila hata kuinua kichwa. Kengele hiyo iwe ndiyo wakati wa kutaja muda kwa sauti ili chumba kizima kisikie.

Sasa leza, na hapa naomba umakini zaidi, kwa sababu hapa ndipo ulipo na pengo.

Leza ni mwanga. Theodore Maiman alipowasha ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960, ulikuwa mwanga mwekundu kutoka kwenye fimbo ndogo ya yakuti. Mwanga wa leza hauvunji chembe za urithi kama eksirei zinavyoweza, haujumlishwi mwilini kwa miaka, na kwa mtoto wako hauna habari: leza za mawe humezwa na maji ndani ya sehemu ya milimita, haziwezi kuvuka hata ngozi ya tumbo lako. Mjamzito na asiye mjamzito wana hatari sawa mbele ya leza. Yule anayekwambia uhame kwa ajili ya leza, umwambie hivyo.

Lakini leza hizo ziko daraja la 4, daraja la juu kabisa, ambalo huanzia nusu wati tu, na ya kuvunja mawe ina wati nyingi. Kwa daraja hilo, hata mwanga uliogonga kitu na kuruka unaweza kuumiza jicho, unaweza kuchoma ngozi na kuwasha kitambaa. Na hauonekani. Leza nyingi za mawe ni za holmiamu, takriban nanomita 2,100, au za thuliamu, karibu nanomita 1,940; nanomita hapa hupima urefu wa wimbi la mwanga. Zote ni za infraredi. Ile nukta ya kijani au nyekundu unayoiona ni taa ya kuelekezea tu. Kwa hiyo "usiitazame ncha" ni kinga dhaifu: huwezi kukwepa usichokiona, na mwanga usioonekana hauamshi jicho kupepesa.

Daktari wako hakukosea yote. Ncha ya faiba, ule uzi mwembamba unaopitisha mwanga wa leza, ikiwa ndani ya mwili, imezungukwa na maji ya chumvi, mwanga unaishia hapo hapo majini na hakuna kinachotoka. Tena holmiamu ina nafuu kwa macho ukilinganisha na leza ya nanomita 1,064 inayotumika kwenye ngozi na kwenye macho. Hiyo ya 1,064 hupita sehemu ya mbele ya jicho bila kuzuiwa, na lenzi ya jicho huukusanya mwanga wake kwenye nukta ndogo juu ya retina, utando wa nyuma wa jicho, ukaongezeka nguvu takriban mara 100,000. Retina haina neva za maumivu. Mtu huona tu doa jeusi katikati ya anachokitazama, na doa hilo haliondoki. Holmiamu huishia kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, inapoweza kuleta jeraha la moto na kovu.

Faiba, hata hivyo, haikai ndani ya mgonjwa siku zote. Inatolewa, inapinda, inakanyagwa, inabanwa na mlango wa toroli, na inaweza kukatika nje ya mgonjwa huku daktari akiendelea kukanyaga pedeli. Inapokatika hapo, mwanga unatoka kwenye mkato, hewani, kwenye kimo cha uso wa aliyeinama kuirekebisha. Mara nyingi huyo ni muuguzi. Ni kweli kwamba mwanga unaotoka kwenye ncha ya faiba hupanuka, kwa hiyo umbali unasaidia kiasi, tofauti na leza zinazotoa mwale mwembamba ulionyooka. Lakini wewe hutakuwa mbali. Utakuwa ndiye umeishika.

Nilimwona muuguzi mmoja akifanya jambo dogo ambalo tangu siku hiyo nimelifundisha kila mahali. Kabla ya kumpa daktari faiba mpya, aliiunganisha, akawasha taa ya kuelekezea peke yake, akaelekeza ncha kwenye kipande cha kitambaa cha kijani kisichong'aa. Faiba nzima hutoa duara safi. Hii ilitoa nusu mwezi uliofifia, na karibu na kiunganishi, pale faiba ilipopinda, palikuwa panang'aa ubavuni kama kimulimuli gizani. Akaitenga, akafungua nyingine, duara likatokea, kazi ikaendelea. Isingewashwa ile taa, nguvu ya leza ingetokea pale palipong'aa, sentimita chache kutoka mkononi mwake. Fanya hivyo kila mara, na ncha usiielekeze usoni hata ukijua taa ni ya kuelekezea tu.

Miwani basi. Kila aliye chumbani anavaa, pamoja na mgonjwa, ambaye amelala usingizi wa dawa na hawezi kufumba macho kwa hiari. Usichukue yoyote iliyo karibu. Shika miwani yako, uisogeze kwenye mwanga, usome maandishi madogo kando ya lenzi: kuna namba ya nanomita na namba ya uzuiaji, huandikwa OD. OD 5 maana yake mwanga umepunguzwa mara 100,000. Namba ya nanomita lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye mashine. Miwani ya 1,064 haina ahadi yoyote kwako kwenye 2,100, hata kama rangi yake imekolea, na miwani ya risasi uliyopewa kwa ajili ya eksirei haikupimwa kwa leza. Ikitokea chumba kina leza mbili tofauti, miwani yake isikae kwenye kisanduku kimoja. Mlangoni pia pawe na alama wakati leza inatumika, na miwani mingine itundikwe nje, kwa sababu mtu huitwa ghafla akaingia.

Kuna jambo la chumba chako ambalo halimo katika maswali yako, nami linanitia wasiwasi kuliko mengine: pedeli. Chini ya ile meza ziko mbili, pengine tatu, moja ya eksirei na moja ya leza, ziko gizani zikiwa zimefunikwa na shuka. Daktari anayetaka picha akakanyaga isiyo yake, leza inatoka. Pedeli ya leza iwe na kifuniko chake, iwekwe upande mmoja usiobadilika kila siku, na leza iwe kwenye hali ya kusubiri kila sekunde isiyovunja jiwe. Anayeiendesha mashine ya leza asiwe na kazi nyingine. Daktari aseme kwa sauti anapoitaka, yeye ajibu kwa sauti anapoiachilia, na faiba ikitolewa tu kwa mgonjwa, mashine irudi kusubiri kabla haijafika mezani. Ufunguo ukae kwa anayehusika. Kuuacha mashineni usiku kucha ni kumwachia yeyote apitaye.

Moto na moshi havitakusumbua sana mnapofanya kazi ndani ya maji, kwa hiyo nitapita haraka. Ukihamishiwa koo au ngozi, vitakuwa kazi yako ya kwanza. Spiriti ya kusafishia ngozi ikauke kabisa kabla ya leza, vitambaa vya kuzunguka viwe vimeloweshwa, na bakuli la maji ya chumvi liwe tayari mezani. Kwenye koo, daktari wa usingizi hushusha oksijeni hadi asilimia 30 au chini ya hapo, kwa sababu mrija wa kupumulia ukishika moto ndani ya oksijeni nyingi huwaka kwa ukali wa kutisha. Moshi unaotoka kwenye nyama iliyochomwa umekutwa na vinasaba vya virusi vya papiloma, na chembe zake ni ndogo, wastani wa kama mikromita 0.3, barakoa ya kawaida ya upasuaji haizikamati. Mrija wa kufyonza moshi ukae sentimita 5 au chini ya hapo kutoka inapochomwa.

Kuna mahali pengine hospitalini ambako nitakwambia usiende kabisa hadi ujifungue: kwa wagonjwa waliomezeshwa iodini 131 au waliopandikizwa chembe za mionzi. Huko mgonjwa amebeba chanzo ndani yake, na hakuna pedeli ya kuachia. Iodini 131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, tena mwili wa mtoto huihifadhi kwenye tezi ya shingo. Yaliyotokea Goiânia, Brazili, mwaka 1987 yalitokana na tofauti hiyo hiyo: mashine ya tiba iliyotelekezwa ilikuwa na kaisiamu 137 ndani yake, watu wakaifungua kama chuma chakavu, na wanne walikufa. Mashine yako ya eksirei ikitelekezwa ni chuma tu.

Nihame au niendelee? Ushauri wangu ni uendelee, ukitimiza haya: umetangaza kwa maandishi, una beji ya pili, aproni yako ni ya kuzunguka na imekaguliwa, miwani inasoma namba ya mashine yenu, na una nafasi ya kusimama mita 2 pedeli ya eksirei inapokanyagwa. Usomaji wa mwezi wa kwanza ukifika, ulinganishe na milisiverti 1 ya muda uliobaki. Ukionyesha zaidi ya sehemu moja ya kumi, mwite afisa wa mionzi atafute sababu kabla ya mwezi wa pili. Na ukitaka kuhama kwa sababu tu moyo wako hautulii, omba. Mwajiri mwema hukusikiliza bila kukudai ushahidi wa dozi.

Kwa uzoefu wangu, kitakachokutoa kwenye chumba hicho mwishoni ni uzito. Aproni ya kuzunguka ina kilo kadhaa, na ukiivaa saa nne mfululizo mwezi wa saba, mgongo na nyonga zitalalamika mapema kuliko beji. Omba ile ya vipande viwili, kizibao na sketi, ili sehemu ya uzito ibebwe na nyonga badala ya mabega, na omba sketi yenye mkanda unaolegezwa. Ikifika mahali haifungi tena mbele bila kuacha upenyo, siku hiyo uitundike, umwambie mkuu wako akupangie upande mwingine.